Shombo alivyoziba mkojo: laki tatu na sabini zilizonitoka, na uongo nilioongeza juu yake

Juzi mteja wangu mmoja kaja kuchukua gauni, katika maongezi akaniambia paka wake dume ana siku ya pili hapati choo, anachuchumaa tu kwenye kona anahangaika. Niliacha mkasi hapohapo, nikamwambia dada gauni halikimbii, rudi nyumbani umchukue huyo paka umpeleke kwa daktari sasa hivi, sio kesho. Akaniangalia kama nimerukwa na akili. Ndo nikaona bora niandike yote niliyopitia na paka wangu dume, Shombo, na sehemu za aibu nisizifiche, maana hasara kubwa nilizileta mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani, niko Tabata, chumba cha mbele cha kazi cha nyuma tunalala mimi na kijana wangu wa miaka 9. Shombo hakuja nyumbani kwa mapenzi, alikuja kwa kazi. Mwaka juzi panya walinitafunia doti mbili za kitenge za mteja, nikalipa 36,000 ambazo sikua nazo. Kuna kaka anauza samaki Feri, nikamlilia shida yangu, akaniletea kipaka ndani ya boksi la samaki kinanuka shombo mtaa mzima, jina likapatikana hapohapo. Tangu siku ile panya nawasikia kwa jirani tu.

Sasa bana ile wiki ya tatizo nilikua na oda ya sare za harusi, vipande 28, na harusi yenyewe Jumamosi ya wiki inayofuata. Majora ya vitambaa yamejaa mpaka mlangoni, wasichana wawili wa kunisaidia, watu wanaingia kupima wanatoka, cherehani zinalia mpaka saa sita usiku. Beseni la mchanga la Shombo huwa linakaa nyuma ya mlango, na mimi kwa haraka zangu nikaegemeza majora pale pale, beseni likawa halifikiki. Sikuona kama ni kitu. Usiku mzima paka hakupata pa kujisaidia na mimi wala sikuwaza.

Alhamisi asubuhi nikamkuta amekojoa juu ya kitenge cha sare. Yani matone matone tu, madogo, na yana rangi kama ya pinki hivi. Nilichokiona mimi ni kitenge kuharibika, ile pinki sikuiona, au niliiona nikaipuuza. Nikavua kandambili nikampiga. Nalisema hili bila kujitetea. Alikua anaumwa anaomba msaada kwa namna pekee anayoijua na mimi nikampiga kandambili, mpaka leo nikiikumbuka ile siku tumbo linanisokota.

Mchana wake akawa anaingia kwenye beseni (nilishahamisha majora), anachuchumaa, anakaza mpaka mgongo unapinda, hakitoki kitu, anatoka, dakika tano anarudi tena. Anajilamba chini muda wote. Na alikua analia, sio ile miyau ya njaa, ni sauti nzito ya chini kama mtoto mchanga anayeumwa tumbo. Kila aliyemwona alisema kitu kimoja: huyo hajapata choo. Mimi mwenyewe nilisema hivyo. Hapa ndo kosa la kwanza kabisa na nadhani ndo linaua paka wengi, kwa sababu paka anayeshindwa kukojoa na paka aliyefunga choo wanachuchumaa sawasawa, huwezi kujua kwa kuangalia mkao. Angalia mchanga. Mchanga wa Shombo ulikua mkavu kama wa Coco Beach saa saba mchana.

Jirani akasema mpe mafuta yalainishe. Nikampa kijiko cha mafuta ya kula, namshika kwa nguvu kijana wangu anamfungua mdomo, nusu yakamwagika mengine akakohoa. Daktari aliponisikia baadae alishika kichwa, akasema mafuta ukimlazimisha paka yanaweza kupita njia ya hewa yakaingia kwenye mapafu, ukawa umetoka kwenye ugonjwa mmoja umeingia kwenye mwingine. Mwingine akasema anaumwa huyo mpe panadol nusu. Na nilikua nayo mkononi jamani, nishaivunja. Kilichoniokoa ni kwamba Shombo alitapika povu muda huohuo nikaona hata akipewa hatakaa nayo. Kumbe panadol kwa paka ni sumu, ini lake haliwezi kuivunja kama letu, damu yake inashindwa kubeba hewa, na kidonge nusu tu kinatosha kumuua. Sio panadol peke yake, hata hizi diklofenaki tunazomezaga kama karanga, usimpe. Ukitaka kukumbuka kitu kimoja kwenye maandishi yangu yote haya kumbuka hicho.

Ijumaa nikaenda duka la dawa za mifugo, sitaki kulisema ni lipi. Nikaeleza. Muuzaji hata hakuuliza paka dume au jike, hakuuliza anakojoa, akasema hii itakua infeksheni, akatoa sindano ya OTC, yaani antibayotiki, ileile wanayochoma ng'ombe, akanipimia kidogo kwenye bomba, 5,000. Nikarudi nayo, kijana mmoja wa mtaani anayefuga mbuzi akamchoma. Simlaumu sana muuzaji, ndo maisha yalivyo, wengi wetu tukisikia daktari wa mifugo tunawaza ng'ombe na kuku. Ila ukweli ni kwamba nilikwenda pale kwa sababu niliogopa bei ya daktari. Nilijiambia, kwa daktari si nitatoka na elfu hamsini, acha nijaribu ya elfu tano kwanza. Ile elfu tano ilinipotezea siku nzima, na siku nzima kwa paka aliyeziba ni kitu kikubwa sana kama utakavyoona.

Jumamosi asubuhi alikua amelala chini ya cherehani hata mguu nikikanyaga pedo hashtuki. Masikio ya baridi. Nikamgusa tumbo nikakuta kitu kigumu, duara, kama nimeshika chungwa. Kijana wangu kaniangalia akaniuliza, "Mama, Shombo anakufa?" Nikamwambia hapana, ila sikua na uhakika wowote.

Nina mteja anafuga mbwa, nikampigia anipe namba ya daktari wake. Nikapiga. Daktari hakuniuliza jina, hakuniuliza niko wapi, aliuliza mambo mawili: "Dume au jike? Mara ya mwisho umeona mkojo lini?" Nikasema dume, juzi. Akasema, "Dada, mlete sasa hivi. Na usimkamue tumbo njiani, kibofu kinaweza kupasuka."

Na mimi nilikua nishaanza kumkamua kidogo, nikaacha.

Kabla sijakata simu nikajikaza nikauliza bei. Nawaambia na nyie ulizeni, msione haya, daktari mzuri hakasiriki. Akanitajia: kumwona 20,000, kumlaza usingizi na kumwekea mpira wa mkojo na kusafisha kibofu 90,000, kulazwa na dripu 30,000 kwa siku, na atalala siku mbili, dawa za kwenda nazo zitategemea. Nikapiga hesabu inakaribia laki mbili. Kwenye simu nilikua na 47,000. Nikamwambia ukweli, Daktari mimi nina arobaini na saba na hapo nauli bado. Akanyamaza kidogo akasema njoo tutaongea.

Nikamtia Shombo kwenye tenga la kuku nikafunika khanga, bajaji mpaka Mikocheni 12,000, dereva njia nzima ananicheka, "Mama laki mbili si unanunua mbuzi huyo?" Mbuzi hashiki panya, nikamjibu, ila moyoni nilikua naona aibu kweli. Ile aibu ndo iliniletea balaa lingine, nakuja huko.

Pale kwa daktari nilijifunza mengi kuliko miaka yote niliyofuga. Alinichorea kwenye karatasi. Njia ya mkojo ya paka dume ni ndefu na nyembamba sana kuliko ya jike, kwa hiyo vichembe kama mchanga, au ute, au uvimbe tu, vinatosha kuziba. Majike nao wanaumwa kibofu ila kuziba kabisa ni nadra. Mkojo usipotoka figo zinashindwa kutoa sumu kwenye damu, na potasiamu inapanda, na potasiamu ikipanda moyo unapunguza mapigo mpaka unasimama. Akaweka kipimo kifuani akasikiliza, akasema mapigo yameshaanza kupungua. Akasema paka aliyeziba kabisa siku moja mbili hivi anaweza kuwa ameshakufa, Shombo ana bahati pengine kulikua na kitone kinapenya Ijumaa.

Halafu akaniambia na lile la pili, taratibu, akimtazama kijana wangu kwanza. Kwamba kama hela haipatikani kabisa, kuna sindano ya kumpumzisha, ni bora kuliko kumrudisha nyumbani afe vile, kwa sababu kufa kwa kuziba ni maumivu makali. Hakunishinikiza upande wowote. Nilimheshimu kwa hilo. Kijana wangu alielewa, akatoka nje akakaa kwenye ngazi.

Nikamwambia Daktari nina 35,000 hapa, nyingine natafuta leo hii hii, naomba uanze. Na nikamuuliza kitu ambacho nashauri kila mtu aulize: kipi hapa ni cha lazima kabisa na kipi kinaweza kusubiri? Akakata kipimo cha damu, kilikua 60,000, akasema ningependa kukifanya lakini dalili zinajieleza, hela yako iende kwenye mpira na dripu. Akaniambia wazi kwamba kwa kukiacha anafanya kazi kwa kukisia kidogo, nikubali hilo. Nikakubali. Akapokea 30,000, nikabaki na 5,000 ya daladala.

Sasa uongo.

Nimetoka nje nimesimama chini ya mti, nani wa kumpigia? Niko kwenye kikoba cha akina mama 15, tuna mfuko wa dharura, ugonjwa au msiba unapewa mkopo wa haraka usio na riba mpaka 150,000. Nikampigia mama mwenyekiti. Mdomo wangu ulikua unataka kusema paka. Nikasikia sauti ya yule dereva wa bajaji, nikasikia akina mama wanavyocheka, laki na nusu paka, na mimi ndo nilikua wa kwanza kumsema mwenzetu mmoja alipokopa kwa ajili ya pazia. Nikasema mtoto anaumwa, nipo hospitali, kashindwa kukojoa. Eti nikatumia dalili za paka. Mama mwenyekiti akasema pole mwanangu, dakika kumi hela ikaingia.

Shombo aliwekewa mpira, mkojo uliotoka ulikua kama chai ya rangi iliyomwagikiwa na damu. Alilazwa mpaka Jumatatu. Kuzibua sio mwisho, nilidhani anazibuliwa tunaondoka, kumbe baada ya kuzibuliwa anakojoa mno na anaweza kuishiwa maji, ndo maana ya dripu, na mpira unaachwa ndani mpaka mkojo uanze kuwa msafi. Ukitaka kubana matumizi usibane hapo.

Jumapili mchana niko nyumbani nashona huku akili iko Mikocheni, nasikia hodi. Akina mama wanne wa kikoba, wamebeba machungwa, juisi na uji kwenye chupa, wamekuja kumwona mgonjwa. Na mgonjwa yuko barabarani peku anacheza mpira, kafunga goli hapohapo anashangilia.

Sina maneno ya kuieleza ile dakika. Nilikaa chini nikasema yote. Mmoja alicheka mpaka akajishika ukuta, mwingine alinuna kabisa akasema umemchuria mtoto ugonjwa, na kwa kweli hilo liliniuma kuliko faini. Faini nilipigwa 20,000 kwenye kikao na nikaomba radhi mbele ya wote. Na baada ya kikao mama mwenyekiti ananiambia pembeni, "Mwanangu ungesema tu paka. Mimi panya wamenimalizia gunia la mchele, unadhani ningekunyima?" Na ndivyo ilivyokua, mkopo ni mkopo, ningeurudisha tu, hakuna aliyejali naenda kuutibia nini.

Jumatatu nikamchukua, nikamalizia 80,000 za nyuma, 60,000 za kulazwa na 25,000 za dawa, bajaji na nauli nyingine 13,000. Hapo ilibidi nichukue advansi ya nguo ambayo hata sijaikata.

Mnaweza kudhani yameisha. Siku ya sita akaziba tena. Daktari alikua amenionya kwamba wiki za mwanzo ndo mbaya, nyingi zinarudi, na mimi nilikua nimerudia kumpa zile punje kavu za dukani pamoja na dagaa wakavu kwa sababu ndo alichozoea. Ila safari hii nilikua naujua mchezo. Saa kumi na mbili asubuhi nimeona anachuchumaa mara ya tatu, mchanga mkavu, saa mbili tuko kwa daktari. Kibofu hakijafika hata ndimu. Akamzibua, hakulala hata usiku mmoja, akanipunguzia ikawa 85,000 pamoja na dawa, bajaji kwenda na kurudi 24,000. Linganisheni wenyewe bei ya kuwahi na bei ya kuchelewa.

Jumla yangu, maana najua mtauliza: mara ya kwanza 225,000 ukiweka na ile sindano ya dukani, mara ya pili 109,000, faini 20,000, na doti ya kitenge niliyoinunua upya 18,000. Inakuja 372,000. Kwa mapato yangu hiyo ni karibu mwezi mzima wa kushona.

Kilichobadilika nyumbani ni chakula na maji zaidi. Daktari alinionyesha kile chakula maalum cha paka wenye shida ya mkojo, nikasoma bei nikaurudisha mfuko mahali pake kwa adabu. Nikamwuliza mbadala wa mtu kama mimi. Akasema kile ni bora na asinidanganye, lakini kitu kikubwa ni maji yaingie mwilini, mkojo uwe mwingi na mwepesi usikae kibofuni. Kwa hiyo sasa nachemsha vibua au vichwa vya samaki bila chumvi na bila kitunguu (kitunguu nacho ni sumu kwao, hata kitunguu saumu), natoa miba, naponda na supu yake iwe rojorojo, naongeza nyama kidogo au ini la kuku siku mojamoja kwa sababu samaki peke yake hawatoshi. Mwezi ukiwa mzuri nachanganya na chakula cha kopo. Dagaa wakavu nimewaondoa kabisa, amenuna wiki mbili. Maji nimeweka bakuli tatu sehemu tofauti, na nikagundua anapenda zaidi kunywa kwenye beseni la kufulia, basi anaachiwa beseni.

Mchanga wa beseni lake sasa nausafisha kila siku na kabla sijalala namulika na tochi ya simu nahesabu madonge. Mawili matatu makubwa nalala. Wasichana wangu wa kazi wananiita nesi wa mkojo.

Na lile la vurugu ndani ya nyumba daktari alilitilia mkazo sana. Paka ni mtu wa ratiba, ukimhamisha, ukaleta wageni, ukaleta paka mwingine, ukamfungia pa kujisaidia, kibofu kinaweza kuvimba bila hata mdudu wowote. Nilipomweleza habari ya majora mbele ya beseni alitikisa kichwa tu hakusema kitu. Siku hizi nikipata oda kubwa namhamishia beseni lake chumba cha nyuma siku tatu kabla, taratibu, sio siku ileile.

Hela nayo nimeipangia. Kila nguo ninayoshona natoa 500 naiweka kwenye kibubu cha Shombo, na kijana wangu ndo mshika funguo. Chanjo ya kichaa cha mbwa niliisubiri ya bure ya kata, nikampeleka kwenye tenga lilelile. Na namba ya daktari nimeibandika ukutani juu ya cherehani pamoja na namba ya fundi umeme.

Ni miezi saba sasa hajaziba. Panya hamna. Mama mwenyekiti ameshaniletea ombi rasmi mbele ya kikao nimwazime Shombo wiki mbili akafanye kazi kwake, nimemwambia mama nakuheshimu sana lakini huyu ratiba yake haivurugwi, nenda Feri na boksi.